Maswali ya Wasomaji: Kitu Hiki ni cha Nani, na Bado Kina Kazi?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu nyumba zilizojaa vitu: stoo zisizofunguka, masanduku ya marehemu, droo za makaratasi na vyombo vibovu vilivyolala uani. Nimechagua nne, na mbili za mwanzo nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinagusa mambo ambayo familia nyingi huyapitia.

Mume wangu husema akiba haiozi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Stoo yetu imejaa mpaka mlango haufunguki wote, na uani kuna matairi, ndoo zilizopasuka, sinki la zamani, mabati na vipande vya mbao. Kila nikitaka kuondoa kitu, baba watoto hunijibu kwamba akiba haiozi. Nami nimesoma ushauri unaosema kila mtu wa nyumbani abakiziwe sahani mbili tu, ilhali mimi nina sahani zaidi ya arobaini na sufuria kubwa nne za shughuli. Nianzie wapi, na nifanyeje tusigombane?*

Marahaba, mwanangu. Anzia uani, wala usianzie kwenye sahani. Vitu vya stoo vinakubana nafasi tu, lakini vile vya uani vinaweza kukuuguzia watoto. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai kwenye maji machache yaliyotuama ndani ya matairi, makopo na ndoo zilizoachwa nje. Mayai hayo hugandamana na ukingo wa chombo, yakaweza kukaa makavu kwa miezi na kuanguliwa mvua inaporudi, na ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi: chombo kisuguliwe, kiwekwe chini ya paa, au kiondoke kabisa. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua unachowatandazia watoto usiku hakiwakingi naye. Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mlipuko wa dengi wa mwaka 2014 na ule wa mwaka 2019, na sidhani kama baba watoto atakuwa na hoja ya kulitetea tairi lenye maji mbele ya jambo hilo.

Kuhusu mabati, sinki na mbao, ninakuomba usiviite takataka kabla hujauliza. Familia nyingi za mjini hujenga kidogo kidogo kwa miaka mingi, na yawezekana kila bati unalolipita kwa hasira mwenzako amekwisha kulipangia mahali pake juu ya ukuta wa kiwanja chenu. Kuviuza akiwa kazini kungekuwa kumdhulumu, hata kama nia yako ni kusafisha. Muulize kwa utulivu, siku ambayo hakuna aliyekasirika, kila kimoja kitafanya kazi gani na lini, kisha mtenge pamoja vile vya ujenzi na vile ambavyo hata yeye hana jibu navyo. Vile vya ujenzi vihamishiwe kiwanjani ikiwa pana mlinzi, au vipangwe juu ya matofali na kufunikwa, kwa kuwa mbao iliyogusa ardhi huliwa na mchwa.

Ama neno lake kwamba akiba haiozi, ni kweli kwa akiba inayotunzwa, lakini vitu vingi vya stoo huharibika vikiwa vimetulia. Saruji iliyokaa miezi mahali penye unyevunyevu huganda ndani ya mfuko na kupoteza nguvu, rangi iliyokwisha kufunguliwa hukauka, mpira wa bomba hukatika, betri huvuja na kula chuma kilicho karibu nayo. Mwonyeshe hayo kwa kufungua makopo na mifuko mkiwa pamoja. Mtu hukubali upesi zaidi anapoiona rangi iliyokauka kwa macho yake kuliko anapohubiriwa.

Sasa sahani na sufuria. Huo ushauri wa sahani mbili kwa kila mtu ulitungwa kwa ajili ya nyumba isiyopokea msiba. Nyumba ya kwetu hupokea wageni wa maulidi, wa kipaimara, wa mahari na wa matanga, na siku hiyo ikifika hakuna anayekupa muda wa kwenda kununua vyombo. Kwa hiyo siungi mkono uziondoe. Ninachouliza ni kama wewe peke yako ndiye unayepaswa kuzihifadhi. Katika mitaa mingi kina mama wa kikundi kimoja hununua sufuria kubwa, sahani na mikeka vikawa mali ya kikundi, vikatunzwa nyumba moja yenye nafasi na kuzunguka kwa wenye shughuli. Kama kikundi chako hakijafanya hivyo, lipeleke wazo hilo kwenye kikao, ukianza kwa kutoa sufuria zako mbili. Sahani zilizopasuka ukingo na bakuli za bati zilizobanduka rangi ziondoe bila huzuni, kwani nyufa hushika uchafu usiotoka kwa kuosha.

Stoo yenyewe usiitoe yote nje kwa siku moja, maana jioni itakukuta umechoka na vitu vyote vitarudi ndani kama vilivyokuwa. Toa rafu moja, uimalize, ndipo uendelee na nyingine. Sare za shule na viatu vilivyowabana watoto vitoe mapema vikiwa bado vina nguvu, kwani lastiki hulegea na soli huachia hata bila kuvaliwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iliyokunjwa humo tangu zamani haina sababu ya kubaki, kwa kuwa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Chandarua cha dawa kilichochakaa endelea kukitumia mpaka upate kipya, kwa sababu cha zamani kina faida kuliko kukosa kabisa. Ukishapata kipya, kile cha zamani kisichomwe moto wala kisiishie kuvulia samaki au kutupwa mtoni, kwani dawa iliyomo huwadhuru samaki na viumbe wengine wa majini.

Nakuomba jambo moja zaidi. Unapompa vitu dada anayekusaidia nyumbani, au jirani, mpe kilichofuliwa, kilichoshonwa na kinachofanya kazi. Kumpa mtu pasi iliyoungua au godoro lenye kunguni ni kumtwika mzigo wako, naye kwa adabu atashindwa kukukatalia.

Masanduku ya marehemu mama

*Shangazi, shikamoo. Mama yetu alifariki mwaka jana hapa Tanga. Chumba chake tumekiacha kama kilivyokuwa: masanduku ya kanga, kabati la vyombo vya kauri, cherehani yake na picha nyingi za zamani. Dada yangu anataka vyote vitolewe sadaka wiki hii, mimi sina moyo wa kutoa hata kijiko. Kaka yetu yuko Muscat na mdogo wetu bado yuko sekondari. Nani yuko sahihi?*

Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu. Nyote wawili mmerukia swali la pili mkaliacha la kwanza. Mnabishana kama vitu vibaki au vitoke, wakati vitu hivyo si vyako wala si vya dada yako peke yake. Tangu mama alipofariki ni mali ya warithi wote, na Qur'ani, katika Surat An-Nisaa aya ya 7, imetaja fungu la wanaume na la wanawake katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Kijiko unachokisema kinaingia humo, na kanga pia. Kabla ya mgao hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia ambao haupiti theluthi moja ya mali. Dada yako anaweza kulitoa sadaka fungu lake kwa moyo wote, na kaka yenu aliyeko Muscat anaweza kuliachia lake akipenda. Lakini mdogo wenu, ikiwa hajafikia umri wa kujiamulia, hana uwezo wa kuliachia lake, wala nyinyi hamna ruhusa ya kuwa wakarimu kwa mali yake.

Kwa hiyo pangeni siku ya kukaa pamoja, huku kaka yenu akiwaona kwa simu ya picha, mfungue sanduku moja baada ya jingine na kuandika kilichomo. Mtakutana na vitu ambavyo havikuwa vya mama: sinia aliloazimwa, kanga za watu alizokuwa akiziuza, daftari la kikoba, pengine kidani alichowekewa amana. Virudisheni kwa wenyewe kwanza, maana amana hairithiwi. Kisha thaminini vyombo vyenye bei, hasa cherehani, dhahabu na kabati, mkubaliane nani anachukua nini kwa hesabu ya mafungu. Mkikwama, mwiteni sheikh anayeijua elimu ya mirathi, na mkishindwa kabisa Mahakama ya Mwanzo iko kwa ajili hiyo. Wasomaji wasio Waislamu nao nawasihi wafuate mwendo huo huo wa kuwakusanya warithi kabla ya kugusa kabati, kwani nimeona ndugu waliogawana mashamba kwa amani wakaja kukosana kwa sababu ya kitenge cha mama kilichotolewa bila kuulizwa mtu.

Mkishamaliza haki za watu, ndipo linapokuja la moyo, na hapo sitakuharakisha. Vinavyohitaji kutoka upesi ni vyakula, dawa za marehemu na vitu vinavyoliwa na wadudu. Vilivyobaki vinaweza kusubiri mpaka uvishike bila kulia, ilimradi chumba kisigeuke kuwa mahali ambapo hakuna anayeingia. Tanga ni mji wa joto na unyevu wa bahari. Chumba kilichofungwa miezi mingi huota ukungu, na kanga ulizotaka kuzihifadhi ndizo zitakazooza kwanza.

Nieleze kidogo juu ya kanga hizo, kwa sababu mtakuta za namna mbalimbali na kila namna ina njia yake. Doti ambazo hazijakatwa zina thamani ya mtu kujivalia, na ni zawadi njema kwa binti, mkwe na wifi. Anayeipokea na kuivaa atamtaja mama yenu kila atakapoulizwa ameipata wapi. Zile zilizofuliwa mara nyingi mpaka zikawa laini ndizo bora kwa mtoto mchanga na kwa mbeleko, kuliko hata mpya zenye wanga. Zilizochanika ni matambara. Chagua chache ambazo ukisoma jina lake unaisikia sauti ya mama, uzitenge ziwe zako, nawe uzivae badala ya kuzizika sandukuni.

Lipo onyo hapa ambalo ninataka kila mama alisikie. Ikiwa mama aliweka kwenye masanduku vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuza wadudu, nguo hizo zisimguse mtoto mchanga kabla hazijafuliwa vizuri na kuanikwa juani mpaka harufu iishe. Wako watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, upungufu ambao ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria, yakiwemo ya pwani yetu. Mvuke wa nafthalini huweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu, wakapata manjano kali na upungufu wa damu. Akina bibi walivitumia vidonge hivyo kwa mapenzi ya kuhifadhi nguo, nao hawakuwa na namna ya kulijua hilo.

Picha msizigawe wala msizitupe kabla ya kukaa nazo mbele ya bibi au shangazi yenu aliye hai. Yeye ndiye anayejua yule kijana aliyesimama nyuma ya bwana harusi ni nani, na ujuzi huo haumo ndani ya picha. Andikeni majina nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, kwa maana wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa pili. Picha iliyogandana na kioo cha fremu msiibandue kwa nguvu, ipigeni picha kwa simu ikiwa humo humo. Mkishazipiga zote, kila mrithi atapata nakala, na suala la nani abaki na karatasi litapoa lenyewe.

Cherehani apewe atakayeshona.

Makaratasi na dawa za miaka mingi

*Bi. Mshauri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Likoni, Mombasa. Nina masanduku mawili ya makaratasi: risiti, barua za kazi, bili, kadi za hospitali. Nina pia droo ya dawa zilizobaki kila tulipougua. Wanangu wanataka kuchoma vyote. Je, nikubali?*

Shikamoo, Mwalimu. Naomba usikubali, kwa sababu moto hautengi. Hati ya shamba au ya nyumba, mkataba wa mauziano, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na cha kifo, vyeti vya masomo, barua ya kuajiriwa na barua zote za pensheni hazina siku ya kutupwa. Hizo ndizo zitakazowasaidia mjane na watoto kudai haki yao. Wewe ni mwalimu na unajua kazi ya jalada: liwe moja, lisilopenya maji, na watu wawili wa nyumbani wajue lilipo.

Karatasi za kodi na za biashara sheria ya Kenya inataka zihifadhiwe miaka 5, na Tanzania ni hivyo hivyo. Risiti nyingi za dukani huchapwa kwa joto bila wino, na maandishi yake hufifia, kwa hiyo ile ya friji au ya mabati yenye dhamana ipige picha au itolee nakala siku ile ile ya kununua. Bili za maji na za umeme zilizolipwa zamani, ambazo hazina mgogoro, ndizo zinazoweza kuondoka, nazo zichanwe vipande ili namba zako zisichezewe na mtu.

Katika kadi za hospitali, usitupe za chanjo. Wengi hudhani kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano hufa baada ya miaka 10, kwani ndivyo ilivyokuwa zamani, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho ni halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kiliandikwa kabla ya tarehe hiyo.

Droo ya dawa nayo, Mwalimu, naihofia kuliko masanduku yote mawili. Mzee aliyebadilishiwa dawa za presha, akaziacha za zamani ndani ya droo ile ile, anaweza siku moja kumeza zote mbili na kuanguka kwa presha kushuka. Dawa ya maji ya antibiotiki iliyokwisha kuchanganywa na maji hudumu siku 7 hadi 14 tu kwa kawaida, na matone ya macho mengi hayafai baada ya wiki nne tangu chupa ifunguliwe, hata kama tarehe iliyoandikwa bado ni ya mwakani. Vidonge vilivyobaki nusu dozi visiwekewe mgonjwa mwingine, kwa maana havimtoshi kupona, na vijidudu hujifunza kuishinda dawa.

Zikusanye zote uulize kwenye hospitali au duka la dawa kama wanazipokea ili ziteketezwe kitaalamu. Wasipopokea, vitoe vidonge kwenye pakiti, uvichanganye na majani ya chai yaliyotumika au mchanga, ufunge ndani ya kopo lisilofunguka kirahisi, ndipo uyatie kwenye taka zinazochukuliwa na gari. Choo na mtaro si mahali pake, wala jalala la wazi wanakochezea watoto. Sindano za kisukari ziingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na kupelekwa kituo cha afya.

Friji mbovu na mnunuzi wa vyuma chakavu

*Shangazi, shikamoo. Niko Morogoro. Nina friji lililokufa, televisheni ya mgongo na simu za zamani. Mnunuzi wa vyuma chakavu anataka kulivunjia friji hapa hapa uani. Nimruhusu?*

Marahaba. Usimruhusu alivunje hapo. Friji za zamani zina gesi inayodhuru tabaka la ozoni, na za sasa nyingi zina gesi inayoshika moto. Fundi wa friji ndiye anayeweza kuitoa bila kuimwaga hewani. Hata kabla ya hayo, leo hii ng'oa mlango wake, kwa sababu mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga hukosa hewa, na kelele zake hazisikiki nje.

Televisheni ya mgongo usiivunje, kioo chake kina madini ya risasi. Ikiwa bado inaonyesha, ikiunganishwa na king'amuzi itamfaa mtu, basi mpe. Simu zifutwe picha na ujumbe, zitolewe laini, na ile ambayo betri yake imevimba isichomekwe chaji wala kutobolewa, iwekwe nje ya nyumba mbali na vitu vinavyowaka mpaka uifikishe kwa fundi au mkusanyaji wa taka za kielektroniki. Nyaya usikubali zichomwe karibu na nyumba ili kupata shaba. Moshi wake ni sumu, na majirani zako hawakuulizwa. Mtungi wa gesi ya kupikia, hata ukionekana mtupu, usiuzwe kwake kabisa, urudishe kwa wakala wa gesi.